Picha Isiyo na Kovu

Louisville, 15 Machi 2015

Dada yangu Laurentine,

Tumsifu Yesu Kristu. Kama unasoma hii umeketi, kaa hivyo hivyo. Kama umesimama jikoni, zima jiko kwanza. Sisi huku wazima, isipokuwa kiuno changu, ambacho hakijawahi kuwa upande wangu. Theluji ndiyo kwanza imeyeyuka, na watu wa Louisville wanaisimulia kama msiba. Niliwaambia kazini kwamba dada yangu anaishi Buffalo, wakaninyamazia kwa heshima. Mama watoto anakusalimu. Watoto wanasoma. Hata nikiwaita kula wananijibu kwa Kiingereza.

Bahasha yako imefika na picha haikukunjika. Nimekuelewa pia kwa nini umeandika badala ya kupiga simu. Ni kweli: ukituma sauti asubuhi kutoka Buffalo, mchana iko Columbus, na jioni mtu aliyeko Kampala anakupa pole. Donc, tuandike.

Leonardi mpiga picha amejitahidi. Amemketisha mwanao Sandrine kwenye kiti chenye miguu ya dhahabu, akampa waridi mkononi, na nyuma yake ametundika lile pazia lake lililochorwa jumba na bustani. Je, Leonardi anajua bustani ile ni ya nani? Mimi najua. Ni ya wafalme wa Ufaransa. Madame, yule bibi mzee ninayemkatia ua, ana picha yake kwenye ukumbi, na bustani yake mwenyewe ameipanga kwa kuiga: vichaka vimekatwa sawasawa kama mkate, njia zimenyooka, na maua yamefungwa katikati kama wafungwa wanaolishwa vizuri. Alifundisha historia mpaka akazeeka. Siku alipogundua kwamba nilisoma Kifaransa miaka miwili pale Bukavu, alipata mtu wa kumsikiliza. Mimi nakata, yeye anasema.

Nilimwonyesha picha ya Sandrine, nikamweleza kwamba imetangulia kwa wakwe. Akacheka, akasema zamani walifanya vilevile. Mfalme wa Ufaransa alipomtafutia mjukuu wake mke, alituma mchoraji mpaka Vienna akamchore binti. Kabla ya hapo walimnyoosha meno na kumtengeneza nywele upya, kwa sababu paji lake la uso lilionekana kubwa. Picha ikaenda, kisha msichana akafuata. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mjukuu mwenyewe ndiye Louis ambaye mji huu umechukua jina lake. Sanamu yake imesimama hapa katikati ya mji, mnene, amenyoosha mkono kama mtu anayesimamisha basi.

Basi, dada, nimeitazama picha hii mara nyingi. Kovu la Sandrine liko wapi? Lile la juu ya jicho la kushoto, alilolipata alipoanguka penye kisima kule kambini Nyarugusu. Leonardi amelifuta. Na Leonardi hafuti kitu asichoambiwa.

Umeniomba niende Whitehall, kule Ohio, siku mzee Nshombo, baba wa kijana, atakapotupokea, nisimame mahali pa marehemu shemeji, niseme neno la mjomba: kwamba nyumba yetu haina kilichofichwa. Najua kwetu bila neno hilo hakuna ndoa, na ndugu za shemeji hatujui hata kama wako hai. Sikatai kusimama. Lakini nauliza mambo mawili. Nshombo na mwanawe Byamungu wanajua habari ya kifafa? Na Sandrine bado anameza dawa zake?

Nijibu hayo. Mengine yote nimekubali.

Mdogo wako,
Cubaka


Buffalo, 12 Aprili 2015

Cubaka mdogo wangu,

Milele na milele, amina. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu kazini kwetu hatuketi. Bado niko kwenye mashuka ya hoteli. Mashine mpya wameleta, inakunja yenyewe, na wametupunguza watu. Mimi nimebaki kwa sababu najua kuipiga pale inapokwama. Mto hapa Riverside bado una barafu pembeni. Pasaka ilikwenda vizuri, kwaya iliimba, Sandrine aliimba sauti ya kwanza na watu waligeuka kumtazama.

Habari njema ni nyingi. Nshombo alipokea picha, ameipeleka dukani ikakuzwa, sasa iko ukutani sebuleni kwao, juu ya televisheni. Mama yake Byamungu amenipigia simu, amesema: «Laurentine, umezaa malkia.» Byamungu mwenyewe ni kijana mtulivu. Anafanya kazi kwenye ghala huko Reynoldsburg, amepandishwa, sasa anawaamrisha wengine. Anaongea na Sandrine kwenye simu kila jioni na nasikia msichana anacheka mpaka nagonga ukuta. Na sikiliza hili: amemnunulia gari. Jeupe. Whitehall huwezi kuishi bila gari, ni kama huna miguu. Sandrine amekwisha anza kujifunza na kijana mmoja wa kwaya.

Nimeshona pazia jipya. Nimepata kitenge cha njano na buluu, mama watoto wako atalipenda. Nitakutumia kipande chako uvae siku hiyo.

Bon. Neno lile uliloandika, usiliandike tena. Karatasi nayo ina macho. Kama huwezi kujizuia, andika «lile jambo». Sandrine ni mzima. Leonardi alisafisha picha kama anavyosafisha za watu wote. Ulitaka aniachie na chunusi?

Dada yako,
Laurentine


Louisville, 3 Mei 2015

Dada Laurentine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, pamoja na mashine yako inayokwama. Sisi tunaendelea. Mtoto wa pili ameota meno ya ukubwani na haongei na mtu. Huku mji mzima umejaa farasi na kofia, ni wiki ya mashindano yao, na kwenye bendera, kwenye kuta, hata kwenye mapipa ya taka wamechora lile ua la wafalme wa Ufaransa, la petali tatu. Siku ya kwanza nilipofika hapa nilidhani ni alama ya parokia.

Uliniandikia kurasa mbili na nikazisoma zote. Pazia nimeliona. Mashine nimeiona. Nilipouliza mambo mawili, ulijibu la tatu.

Wiki hii tulikuwa tunang'oa tulipu za Madame, maua yanayoota kwenye kitunguu, zilizokwisha kuchanua. Wanazing'oa, dada, hata kama kitunguu chake bado kizima, kwa sababu jani likianza kuwa njano linaharibu mpango. Niliuliza kama naweza kuvichukua vitunguu, akasema chukua. Basi akaketi kwenye kiti chake na kuendelea na habari ya yule binti wa picha.

Anasema walipomfikisha mpakani, kulikuwa na kisiwa katikati ya mto, si wa kwao, si wa Wafaransa. Pale walijenga nyumba ya mbao. Binti akaingia kwa mlango mmoja, wakamvua nguo zote za kwao, hata soksi, wakamvika za Ufaransa, akatokea mlango wa pili. Alikuwa na mbwa wake mdogo. Wakamnyang'anya, kwa sababu mbwa alikuwa wa kwao. Madame anasema baadhi ya wasomi wanabisha habari ya kuvuliwa nguo, lakini kwamba alilia hakuna anayebisha.

Nikafikiri: Sandrine naye atapita kwenye nyumba ya namna hiyo. Atatoka Buffalo akiwa na dawa kwenye mkoba. Akifika mlango wa Whitehall, dawa itakwenda wapi? Wewe unamjua mama mkwe wa kwetu. Anapanga kabati ya mkwe wake mwenyewe, na anafungua kila kitu.

Na gari. Dada, umeandika habari ya gari kama habari njema. Mtu akianguka jikoni tunamwinua. Akianguka akiwa barabarani mikono kwenye usukani, nani atamwinua? Sitaandika neno lile kwa kuwa umenikataza. Lakini sikatai kulijua.

Nakuuliza mara ya pili. Wanajua? Anameza?

Cubaka


Buffalo, 28 Juni 2015

Kwako Cubaka,

Salamu kwa mama watoto, salamu kwa wanao, pole kwa yule wa meno. Sikuandika mapema. Kazi. Pia sikutaka kuandika nikiwa na hasira, nikangoja hasira iishe, haikuisha, basi naandika nayo.

Unakata majani ya mzungu, sasa umekuwa mwalimu wangu. Yule malkia wako mwisho wake alikatwa kichwa, hilo hata mimi niliyeishia darasa la sita nalijua. Na mume wake vilevile. Huo ndio mfano unaomletea mpwa wako kwenye ndoa? Ungeniletea habari za wake wa wafalme waliokufa vitandani mwao.

Sasa sikiliza, kwa sababu sitasema tena. Nani atamwoa? Nitajie jina moja. Kwetu unajua wanavyofanya: wakisikia lile jambo, wanatenga kikombe chake, wanatenga sahani yake, watoto wanaambiwa wasimruke akianguka wasije wakaambukizwa. Utasema hapa ni Amerika. Amerika iko nje ya mlango. Ndani ya mlango ni sisi wenyewe. Nikifa, atakaa na nani? Chumba changu cha Riverside na mimi mzee na yeye mzee, tunatazamana? Nimekaa naye nikiwa na hofu tangu kambini. Nimemtafutia nyumba yenye watu, kijana anayecheka naye, na wewe unataka kuivunja kwa sababu ya kovu kwenye picha.

Kuhusu dawa, umesema mwenyewe: mama mkwe anafungua kila kitu. Sasa mtu afiche wapi vidonge? Donc tangu Pasaka tumeanza kumzoesha. Kwanza nusu, sasa hamezi. Tunasali pamoja kila asubuhi. Hajaanguka hata mara moja. Mungu si mjinga kama sisi.

Wewe una kazi moja tu. Simama, sema neno, keti, kula nyama.

Laurentine


Louisville, 12 Julai 2015

Dada yangu,

Siulizi hali yako kwa sababu nilikupigia simu tangu siku barua ilipofika na hukuipokea. Huku joto kali. Mashine ya kupuliza majani imeniziba sikio moja, kwa hiyo kama ulipiga upande huo, nisamehe.

Sandrine alinipigia. Alikuwa kazini, kwenye mapumziko, nyuma ya ile nyumba ya wazee anakowaogesha. Aliongea Kiingereza kwanza, haraka haraka, nikamwambia: «Mama, mjomba wako amechoka, mletee maneno yaliyopikwa.» Akacheka, akaanza kulia. Ameanguka, dada. Bafuni, wewe ukiwa kazini kwenye mashuka. Alijikuta sakafuni na maji bado yanatiririka. Akaniambia: «Mjomba, usimwambie Mama.» Mimi nakwambia. Atanikasirikia yeye, utanikasirikia wewe, nimezoea.

Nilimwuliza kama kijana hamtaki. Akasema anamtaka sana. Akasema: «Ananichekesha, Mjomba. Lakini amempenda yule wa ukutani. Akiniona mimi, atamtafuta yule.»

Sasa nakueleza kitu ambacho nimekaa nacho tangu mwezi wa tano bila kukuandikia. Kwenye ukumbi wa Madame kuna picha ya yule malkia akiwa mtu mzima, amevaa nguo nyekundu, na watoto wake. Nilikuwa naingiza vyungu vya maua nikasimama. Pembeni kuna kitanda cha mtoto mchanga, kimefunikwa kitambaa, na ndani hamna mtu. Mvulana wake mkubwa amesimama karibu, anakinyooshea kidole. Nikamwuliza Madame mtoto yuko wapi. Akasema alikuwa kitoto cha kike. Alikufa kabla picha haijakamilika. Ikaonekana haifai abaki mahali pa walio hai, wakamfuta. Lakini kitanda kilibaki. Na mama yake kwenye picha hakitazami. Anatutazama sisi.

Dada, nilirudi nje nikauweka mkasi chini. Unajua nilimwona nani kwenye kile kitanda. Josiane. Miaka yote hii umesema wana wako ni mmoja. Wakikuuliza kanisani unasema mmoja. Josiane alikuwa na lile jambo, alikuwa hana dawa kwa sababu kambini hapakuwa na dawa. Sandrine anayo dawa, kwenye chupa, yenye jina lake juu, na wewe ndiye uliyemwondolea.

Mrudishie dawa leo. Usingoje kesho. Na mimi neno lile siwezi kulisema. Nitakuja, nitavaa kitenge chako, nitakula nyama yao. Lakini neno lile sinalo.

Cubaka


Buffalo, 2 Agosti 2015

Cubaka,

Salamu.

Ni Jumamosi tarehe 29 mwezi huu, saa nane mchana, Whitehall, kwa Nshombo. Kitenge chako kimo ndani.

Sandrine amepata leseni ya gari.

Lile jina usilitaje tena mbele yangu, wala kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyembeba, si wewe.

Ukija, njoo na neno. Kama huna neno, baki na malkia wako.

L.


Louisville, 6 Septemba 2015

Dada Laurentine,

Natumaini mlifika salama na kwamba njia ya Erie haikuwa na msongamano. Mimi nilirudi na basi, miguu imevimba. Mama watoto ananiuliza ilikuwaje, namwambia nyama ilikuwa laini.

Ulitoka kabla ya mwisho, kwa hiyo hukuuona. Mtu mwingine atakuja kukusimulia akiongeza chumvi. Afadhali usikie kwangu, bila chumvi.

Unakumbuka tulivyokuwa tumeketi. Ile picha juu ya televisheni, imekuzwa mpaka waridi ni kubwa kama kabichi, na Sandrine amewekwa chini yake hasa, kwenye kochi. Ulimpaka poda nyingi juu ya jicho. Nilimwona Byamungu akitazama juu, akitazama chini, kama fundi anayelinganisha mlango na fremu. Mzee Nshombo akainuka, akashika kikombe, akauliza kwa sauti ya kwao ile ya kuita ng'ombe: «Mjomba wa binti, nyumba yenu ina kilichofichwa?»

Wewe ulinitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile hata na askari. Nikasimama. Nilisema: «Mzee Nshombo, neno unalolitaka sinalo. Mwenye nyumba ya mwili wake ni huyu. Mwulizeni yeye.» Wazee wakaguna. Mmoja akasema: «Mjomba gani huyu, wamemwokota Kentucky?»

Ndipo Sandrine akainuka. Sikupanga naye, naapa kwa kaburi la mama yetu. Alichukua ncha ya kitenge chake, akafuta poda, kovu likatoka. Akafungua mkoba, akaiweka ile chupa mezani, kati ya Fanta na sahani ya ndizi. Akasema kwa Kiswahili, yeye anayetujibu kwa Kiingereza siku zote: «Baba, mimi huanguka. Ni kifafa. Nikimeza hizi sianguki. Niliambiwa niziache ili nifae kwenu, nikaanguka tena. Dada yangu alikuwa hivyo hivyo, na amekufa.» Hapo ndipo ulipotoka ukaenda kwenye gari.

Ulipotoka, mama yake Byamungu akaanza kukusanya vikombe. Alianza na cha Sandrine, akakishika mbali na mwili wake, nikajua wapi kinakwenda. Sandrine pia alijua. Hakukaa. Alibaki amesimama chini ya ile picha, na nakwambia, dada, wawili wale hawakufanana hata kidogo, na aliye mzuri hakuwa wa ukutani.

Nshombo alikiweka kikombe chake mezani. Mwisho akasema: «Chakula kisipoe.» Ndiyo hivyo tu. Si ndiyo, si hapana. Tukala kama watu wanaokula hospitalini. Kisha Byamungu akapanda juu ya kiti, akaishusha picha, akaingia nayo chumbani kwake akafunga mlango. Hakutoka hata kutuaga. Nilimwangalia Sandrine alipokuwa akiuangalia ule mlango. Sitaki kuona hivyo tena maishani.

Nshombo aliniambia mlangoni: «Tutawaita.» Unajua kwetu maana yake.

Kama unanichukia, nichukie. Lakini niandikie mstari mmoja tu: anameza?

Cubaka


Buffalo, 2 Novemba 2015

Cubaka mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii naiandika nimeketi, jiko limezimwa, kama ulivyotaka ile mara ya kwanza. Mto umeanza kuwa mweusi kama unavyokuwa kabla ya theluji. Mashine ya kukunja imeharibika kabisa, wametuita tena wote, tunakunja kwa mikono kama Wakristo. Kiuno chako nakipa pole.

Anameza. Ameanza tangu usiku wa siku ile, kwenye gari, kabla hatujatoka Ohio. Nilimpa maji. Chupa sasa iko mezani jikoni, karibu na chumvi, na mgeni akija haiondoki. Daktari amemkataza usukani mpaka amwambie vinginevyo, na leseni ameirudisha kwenye droo. Alilia kidogo kwa ajili ya gari jeupe. Mimi sikulia.

Niliapa sitakuandikia mpaka nife. Nakuandikia kwa sababu ya mambo mawili.

Wiki iliyopita mlango uligongwa. Nikafungua, nikamkuta Byamungu, peke yake, ametoka kwenye basi, chini ya kwapa amebeba ile picha kubwa, imefungwa kwa mfuko wa ghala lao. Nshombo hakumtuma. Nshombo mpaka leo hajaita, na mama yake anasema kwa watu kwamba niliwauzia mbuzi ndani ya gunia. Kijana aliniamkia, akaketi. Nikafikiri amerudisha picha, yamekwisha. Akasema: «Mama, Leonardi anafungua saa ngapi?» Nikasema ya nini. Akasema: «Arudishe kovu. Nimekaa na picha hii, simjui huyu mtu.» Sandrine alikuwa kwenye ngazi, anasikia.

Kisha akauliza, na alinitazama mimi, si yeye: «Mama, akianguka, nimlaze upande gani?»

Cubaka, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Hakuna. Nilimwambia sogeza meza. Sandrine akalala sakafuni kwenye zulia, anacheka, anasema kwa Kiingereza chake kwamba sisi ni wendawazimu. Nikamwonyesha kijana: upande, mkono huu hapa, goti hili hivi, kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimkamate, kaa naye tu. Akajaribu. Mara ya kwanza alimlaza kama gunia la ghalani. Mara ya pili akapatia. Sijui kama kutakuwa na ndoa. Nimekoma kusema najua. Alikula, akalala kwa Leonardi, asubuhi akarudi kazini. Simu bado inalia kila jioni na nimeacha kugonga ukuta.

La pili. Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Kanisani wanaweka kikapu mbele ya altare, unaandika majina ya wafu wako kwenye karatasi, padri anayasoma. Kila mwaka nilikuwa naandika baba, mama, mume wangu, nakunja, natia. Leo nilikaa na kalamu mpaka mama aliye nyuma yangu akaniuliza kama wino umekwisha. Nikaandika Josiane. Watu nilikuwa nawaambia ni malaria. Nilikwenda foleni ya mahindi, nikamwachia sufuria ya uji, na moto ulikuwa chini. Alikuwa peke yake alipouangukia. Hata ningekuwepo, sikujua upande wa kumlaza. Padri alilisoma vibaya, alisema «Josani», na Sandrine kutoka kwenye kwaya akamsahihisha kwa sauti, watu wote wakasikia.

Tulipotoka nje, mama mmoja akaniuliza: una watoto wangapi, Laurentine? Nikamwambia wawili.

Yule mvulana wa kwenye picha ya Madame wako, mwache aendelee kunyoosha kidole. Mimi nilikuwa naushusha mkono wake kila siku, na umenichosha.

Niletee vile vitunguu vya tulipu kama havijaoza. Leonardi anasema huku vinapandwa kabla ardhi haijaganda. Njano, kama unazo.

Dada yako,
Laurentine